Mtu wa Kupigiwa Simu

Nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu baada yake mama hakuzaa tena, na alidekezwa kama wadekezwavyo vitinda mimba wote. Aliyemdekeza kuliko wote alikuwa kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule, akashika mashine ya kuchomelea na kumwambia mdogo wake, "Wewe soma. Macho yangu yakiungua, tutatumia ya kwako." Kitinda akasoma. Hilo tusimnyime: alisoma kwelikweli, mpaka akawa daktari.

Kaka naye aliangukiwa na geti mguuni. Alianza na vidonge vya maumivu, vidonge vikamzoesha, akahamia kwenye unga. Alivuta, kisha akajidunga, na sindano za kuchangia zikampa virusi. Siku moja alikuja nyumbani mchana kweupe, akang'oa geti alilolichomelea mwenyewe na kwenda kuliuza kwa watu wa chuma chakavu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kitinda hakucheka. Alibadilisha kufuli la mlango na kumkataza mama yake asimfungulie tena. Mama alilia, akatii, maana siku hizo aliyekuwa na kauli ndani ya nyumba ile ni huyu binti yake.

Basi ndiye huyo huyo aliyeomba mafunzo ya madaktari watafiti wa VVU na uraibu. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba ni sayansi inayokua. Maneno mazuri hayo, hata mimi ningeyapigia makofi.

Mafunzo yalifanyika katika jengo la nyuma la hospitali, karibu na chumba cha kufulia mashuka. Mkuu wake alikuwa Profesa, mama mfupi mwenye sauti ya upole ambayo ilikuwa inauma kuliko kelele. Alipiga marufuku neno mgonjwa. Ilikuwa lazima useme mshiriki. Siku ya kwanza aliuliza nani kati yao ana mtumiaji wa unga katika ukoo wake. Kijana mmoja, mtoto wa mfamasia, akanyoosha mkono na kusema ni mjomba wake. Kuanzia siku hiyo, kila alipotoa maoni, Profesa alimuuliza kama anayeongea ni daktari au ni mpwa wa mjomba. Yule kijana akachoka, akaondoka. Kitinda mkono wake ulibaki mapajani, na kila mtu akaamini kwamba kwao ni safi.

Walikuwa na chumba chenye kioo. Upande mmoja mshiriki huhojiwa na daktari mmoja, na kioo kwake ni cha kujitazama tu. Upande wa pili madaktari wengine hukaa gizani na Profesa, wakimwona na kumsikia kupitia spika. Mshiriki huambiwa kwamba anasikilizwa. Akikubaliwa, huingizwa kwenye utafiti: sindano ya kila mwezi ya kukata arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, dawa za virusi, na daktari wa kumfuatilia. Lakini sharti awe na ndugu mmoja wa kupigiwa simu siku akipotea, kwa sababu mshiriki akipotea, utafiti nao unapungukiwa. Asiye na ndugu hapati nafasi.

Asubuhi moja zamu ya kuhoji ilikuwa ya daktari waliyemwita Miwani. Alikuwa amepita vichochoroni kutafuta washiriki, akarudi na mtu mmoja mwembamba, anayechechemea, mwenye makovu ya cheche mikononi. Kitinda, gizani nyuma ya kioo, alimtambua kabla hajakaa.

"Braza, una ndugu tunayeweza kumpigia?" Miwani aliuliza.

"Ninaye. Mdogo wangu. Ni daktari." Kaka akatabasamu, meno ya mbele hana. "Tena anasomea mambo haya haya yetu, nimesikia. Ana kichwa yule, we acha tu!"

Gizani watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema hajawahi kuona teja asiye na ndugu daktari.

"Safi. Nipe jina na namba."

Kaka akakitazama kioo, akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Jina silitoi, daktari. Wenzake wakijua ana kaka kama mimi, watamharibia. Niandikieni tu kwamba yupo."

"Bila jina haiwezekani."

"Nawaomba. Nimechoka. Safari hii nataka kweli kupona."

Profesa akazima spika na kugeuka. Angeweza kumuuliza yeyote, akamuuliza Kitinda, mwanafunzi aliyempenda na aliyekwisha kumwahidi kazi ya kudumu. "Unasemaje? Kama huyo mdogo wake yupo, tunamtafuta na tunampa nafasi. Kama hayupo, tumtoe."

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Kitinda alilijua, na alijua pia kwamba kesho yake angeitwa mdogo wa teja na kazi ingekwenda kwa Miwani. Nimejaribu kumwonea huruma hapa, nimeshindwa.

"Anatunga," alisema. "Wakikosa mtu hujitungia ndugu wa maana. Huyu hana mtu."

"Vizuri sana," Profesa alisema. "Hujababaika. Nenda kamwambie mwenyewe."

Profesa akamfuata hadi koridoni ili amwone anavyofanya. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mbovu ameunyoosha. Aliponyanyua uso na kumwona mdogo wake ndani ya koti jeupe, macho yalimng'aa. Mdomo ulishafunguka kumwita. Kisha akamwona Profesa nyuma yake. Akainuka kwa kujikongoja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, daktari," kaka mtu alisema.

Kitinda alimtazama kaka yake aliyemsomesha.

"Marahaba," akaitikia. "Umekosa nafasi. Mlango wa kutokea ni ule pale."