Samaki Waliolemea Kompyuta Yetu

Juzi laptop ya binti yangu ilianza kujikokota. Ameipamba, rafiki yangu, usiniulize: maua yanayoanguka, saa inayozunguka, paka anayefukuza kishale cha skrini. Aliposema imekwisha, nilicheka, nikamwambia ailete. Papo hapo nilijiona tena sebuleni kwetu Kitengela, na kompyuta yetu imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima.

Baba aliuza fahali akainunua, nami nikaivalisha: folda nyekundu na buluu kama shanga za nyanya yangu, saa kubwa kwenye kona, kisanduku cha kutabiri mvua, na nyuma ya hivyo vyote, picha ya samaki walioogelea kutwa kwenye skrini. Sisi tulikuwa watu wa vumbi. Wale samaki niliwapenda sana. Kisha mashine ikaanza kuganda. Unabonyeza, unakwenda kuchemsha chai ya maziwa, unarudi, bado inawaza. Mara nyingine ilijizima yenyewe.

Jirani yetu, mwalimu kutoka magharibi mwa Kenya, aliitazama akatikisa kichwa. "Hizi mapambo ndio zimeiharibu. Toa zote."

Baba akanigeukia. "Nakerai, hii kitu isipopona, Jumamosi narudisha kwa mwenye aliniuzia."

Niliogopa, lakini kuyatoa yote sikukubali. Kwetu mbuzi wakikohoa hatukuuza zizi zima. Tulimtenga mmoja mmoja, tukamsikiliza. Basi nikaondoa saa, nikawasha upya, nikangoja. Hakuna tofauti, nikairudisha. Nikaondoa utabiri wa mvua. Mashine ikaacha kujizima, ila ilikuwa bado nzito. Mwisho, kwa uchungu, nikawaondoa samaki. Kompyuta ikafunguka kabla sijainua kidole. Folda zangu nyekundu na buluu zilikuwa palepale, na saa pia, hazina kosa lolote.

Baba alimwita jirani kupitia ua. "Mwalimu, kuja uone. Msichana amepata zenye zilikuwa zinakohoa." Jioni ile alinimiminia chai katika kikombe chake cha bati, ambacho hata kaka zangu hawakuruhusiwa kukigusa. Niliinywa polepole, wote wakinitazama.

Zizi lile sasa ni ghorofa za kupangisha. Kengele za mbuzi hazisikiki tena, na baba tulimzika Kajiado. Laptop ya binti yangu nayo ilikuwa inalemewa na yule paka tu; nilipomwondoa, ikaamka. Akaniuliza nimejuaje. Nilikwenda jikoni, nikakitoa kikombe cha bati, nikammiminia chai.