Sufuria ya Mbwa wa Bi Salima

Harufu ya vichwa vya samaki vinavyochemka pamoja na pumba ndiyo iliyonifundisha kushuku watu. Ilianza saa kumi alasiri, kila siku bila kukosa, ikavuka uzio wa makuti uliotenganisha ua wetu na wa Bi Salima pale Magomeni, Mtwara, na kuingia moja kwa moja jikoni kwetu, ambako mama aliipokea kwa kubamiza dirisha. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka msimu huo, na upepo wa upande wa mashamba ulileta harufu ya mabibo yaliyovunda, tamu na kali, ikachanganyika na ile ya vichwa vya samaki hata mtu asijue kama ana njaa au anataka kutapika. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kuwa Bi Salima ni mjane anayeishi peke yake, kwamba mwili wake mwembamba haukuonyesha dalili ya kushiba, na kwamba sufuria aliyoinjika ilikuwa ile kubwa, ya kupikia watu wa shughuli. Hesabu ilinikatalia. Mtu mmoja hamalizi sufuria ya shughuli.

Waliokuwa wakiimaliza ni mbwa, tena mbwa ambao hakuna mtu mwingine mjini aliyewataka. Wakandarasi wa gesi walipopunguza kazi na kuondoka, baadhi ya nyumba walizopanga zilibaki na mbwa wa ulinzi. Wenye nguvu walichukuliwa upesi. Wazee na wagonjwa waliachwa wazurure, na hao ndio Bi Salima aliowafuata. Alikwenda Ufukoni kwa miguu, akarudi akimvuta mmoja kwa kamba ya katani, au alimbembeleza dereva wa bajaji mpaka akubali kumpakia asiyeweza kutembea. Alikuwa nao watatu. Sijali alikuwa na miguu mitatu na makeke ya mwenye minne. Bibi alikuwa jike la kikohozi kisichokwisha. Mkubwa wao, Askari, alikuwa kipofu wa macho yote mawili, na alikula chochote kilichowekwa mbele ya pua yake, kwa kuwa maisha yalikuwa yamemfundisha kuwa mkono unaomjia ni wa Bi Salima.

Sisi tulikuwa wa kuja. Baba alikuwa karani bandarini, mama mwalimu wa shule ya msingi, na tulitoka Njombe, ambako watu huvaa sweta na kusalimiana kwa ufupi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu ilikuwa kutojua mila za watu tuliopakana nao huku tukidhani tunazijua. Tulikuja na mbwa wetu, Tomi, mwenye rangi ya mchanga, aliyenizidi umri kwa miaka miwili. Wakati huo alikuwa hasikii tena, na chini ya taya lake kulikuwa na uvimbe ambao kila mwezi ulikuwa umeongezeka kidogo. Mimi nilimpenda Tomi kuliko ndugu zangu, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Mama hakuwa mtu mbaya, lakini aliamini kuwa kila tendo lina bei iliyofichwa chini. "Hakuna anayeokota kisichofaa," alikuwa akisema, akipepeta mchele kana kwamba shetani yumo ndani yake. "Ukiona mtu anaokota, ujue kuna anachokitaka." Waumini wenzake wa jumuiya waliitikia, kila mmoja na lake. Mmoja alisema mbwa wagonjwa hutolewa mafuta ya dawa. Mwingine alisema yupo mzungu anayemtumia Bi Salima, ila hakusema anamtumia kwa lipi. Waislamu wa mtaani nao walishangaa kwa sababu zao: mwanamke wa swala tano, na uani mbwa watatu! Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaa mzima ulishuku, na hakuna aliyebisha hodi kuuliza.

Kazi ya kuchunguza nilipewa mimi, au nilijipa, sikumbuki vizuri. Nilikuwa na tundu langu kwenye makuti, mahali ambapo kuku walikuwa wamefukua, na nikilala kifudifudi niliuona ua wa Bi Salima wote. Alasiri moja nilimwona akiwamiminia mbwa chakula chao. Walipomaliza, Sijali aliingiza kichwa ndani ya sufuria akairamba mpaka ikalia. Bi Salima akamfukuza kwa upole, akaibeba sufuria hadi kwenye kona, akachota udongo mkavu kwa kiganja na kuusugua ndani huku midomo ikimchezacheza. Akamwaga maji, akasuuza, akamwaga tena, akasuuza tena. Nilihesabu naye. Mara saba. Kisha akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaenda kuvua khanga aliyokuwa nayo na kurudi na nyingine, nyeupe. Udongo, namba saba, midomo inayonong'ona, nguo za kubadilisha: hata mtoto wa Njombe alijua hayo ni mambo gani.

Nilimwambia mama. Sitasahau jinsi alivyoweka chini kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika ni saba, na mimi nilikuwa na hakika kweli. Kesho yake habari ilikuwa imefika jumuiya, ila ilikuwa imevuliwa nguo njiani: hakuna aliyetaja udongo wala sufuria, walisema tu kuwa "yule mama ameonwa". Neno hilo moja lilizunguka mtaa mzima, na kila aliyelipokea aliliongezea chumvi yake. Laiti wangesema wazi nilichokiona, jirani yeyote Mwislamu angewacheka na mambo yangeishia hapo. Mama akatupiga marufuku, mimi na baba pamoja, kukanyaga uani kwa Bi Salima.

Wiki hiyohiyo uvimbe wa Tomi ulipasuka. Alinuka, aliacha kula, na alilala mlangoni akiniangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Baba alisema kuna bwana mmoja anayejua kuwamaliza mbwa bila kelele, na kwamba angemwita. Nililia mpaka sauti ikakauka. Siku mbili baadaye nilirudi kutoka shule, Tomi hayupo. Baba alinijibu neno moja tu, "Ameondoka," akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikaenda kwenye tundu langu. Huko, chini ya banda la kuni la Bi Salima, Tomi wangu alikuwa amelazwa juu ya gunia, na yule mama alikuwa akimwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu. Sikuona kuoshwa. Niliona wizi. Nilikimbia kwa mama nikapiga yowe kwamba Bi Salima amemwiba Tomi ili akamfanyie yale mambo ya saba. Mama alifunga kitambaa kichwani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo kudai mbwa wote waondolewe. Kikao kikapangwa Jumamosi. Ikiwa mbwa wangeondolewa, sote tulijua hakuna wa kuwapokea, na kwamba kuondolewa kungekuwa kuuawa. Hilo lilinijia baada ya yowe, si kabla.

Alhamisi nilirudi tunduni, na Bi Salima akaniona. Hakukasirika. Alikuja mpaka kwenye makuti, akachuchumaa, nikaliona jicho lake kwa karibu. "Ntoto wa mwalimu," akasema kwa lafudhi yake ya vijijini, "njoo ndani. Ukichungulia unaona nusu." Nilikimbia. Ijumaa asubuhi Askari alikutwa amekufa kando ya uzio, upande wa kwetu, povu mdomoni. Kuna mtu alikuwa amemrushia kipande cha samaki, naye, asiyeona, alikuwa amekipokea kama alivyopokea kila kitu.

Kikao kilikaa barazani kwa mwenyekiti. Walikuwepo akina mama wa jumuiya, majirani, na ustadhi wa madrasa aliyealikwa kwa heshima. Mwenyekiti aliuliza tuhuma ni ipi hasa, na kwa mara ya kwanza katika majuma yale yote ikabidi mtu aseme kitu kamili. Mama akanisukuma mbele. Nikasema, nikiangalia vidole vya miguu yangu, kwamba nimemwona Bi Salima akisugua sufuria kwa udongo na kuiosha mara saba huku akinong'ona. Kisha mzee mmoja nyuma akakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, na kicheko kikaenea upande mmoja wa baraza huku upande wetu ukibaki umekodoa macho.

"Mwanangu," alisema ustadhi, akijifuta machozi ya kucheka, "chombo akikiramba mbwa, sisi tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Ndivyo tulivyofunzwa dini. Alikuwa anahesabu, asikosee." Akamgeukia mama, kicheko kikamwisha. "Mwalimu, huyu mama anaosha sufuria, akimaliza ndipo aende kuswali. Mlitaka aiache na najisi?"

Baba alisimama. Baba, ambaye nyumbani hakuwahi kusimama kwa jambo lolote, alisema kuwa Tomi hakuibwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka kwa Bi Salima mchana, sisi tukiwa shuleni, kwa sababu moyo ulikataa kumwita yule bwana. Alimwomba ampokee na asimwambie mtu. Mama alimwangalia kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti, akitafuta pa kumalizia, alimuuliza Bi Salima kwa nini anawataka mbwa waliokwisha. Yule mama alisema marehemu mumewe alilinda majumba ya watu miaka mingi, yeye na mbwa wake. Alipopooza, waliokuwa wakimwita mlinzi hodari hawakuja hata kumjulia hali. Mbwa ndiye aliyelala mlangoni mpaka siku maiti ilipotolewa. "Basi," akasema. "Sina lingine." Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu: "Askari nimenzika. Aliyempa samaki anajijua. Mie sitaki kunjua." Mwenyekiti akaamua mbwa wabaki, mradi wachanjwe dhidi ya kichaa na wasitoke nje ya uzio. Mama alikuwa akikunja na kukunjua pindo la khanga yake.

Jumapili baada ya misa mama alinituma kwa Bi Salima na sahani ya maandazi. Niliingia kwa mlango, nikaona nusu ya pili: magunia yaliyoanikwa, kopo la dawa ya vidonda, kibao cha mti alichomtengenezea Sijali awekee kisiki cha mguu wake akichoka. Tomi alinijua kwa pua, akapiga mkia chini mara mbili. Nikawa nakwenda kila alasiri. Nilijifunza kupoza uji wake kwa kuuhamisha bakuli hadi bakuli, na kumfuta taya bila kumwumiza. Aliishi mpaka mvua kubwa zikaanza, akafa mchana akiwa amelaza kichwa kwenye mguu wangu, na nililia kilio tofauti na kile cha kwanza. Kile cha kwanza kilikuwa cha hasira.

Lakini mtu aliyefunzwa kushuku hajui kuacha. Wiki ile ya kikao nilikuwa nimeiona kabatini kwetu pakiti ya sumu ya panya, imekatwa pembe. Panya tulikuwa nao kweli, na mama alikuwa amelalamika juu yao muda mrefu. Huenda ilikuwa ya panya tu. Nilijiambia hivyo nikiwa na miaka kumi, nikajiambia nikiwa na ishirini, wala sikuwahi kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami niliogopa kuzikung'uta nguo zangu.

Sasa naishi Ufukoni, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mpana. Baba alishatangulia, na Bi Salima pia. Mama, ambaye miguu yake haimbebi vizuri, anaishi nami. Nina mbwa wawili, wote wazee, wote walioachwa na wapangaji: mmoja amepooza nyuma, mwingine ana figo mbovu na hatamaliza mwaka. Zamani umbea ulisafiri kwa miguu. Siku hizi unasafiri kwa simu, na najua kwenye kundi la mtaa wameshauliza ninawafuga wa nini. Nina sufuria moja kubwa, ambayo jirani yangu Mwislamu huiazima akiwa na shughuli. Kwa hiyo kila alasiri naiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, na nahesabu kwa sauti ili anayechungulia asikie yote.

Juzi simu iliita nikiwa katikati, nikapoteza hesabu, nikataka kuianika. Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, amenipa mgongo.

"Bado moja," akasema.

Nikainama tena kuchota maji. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma jina kwenye daftari la mahudhurio: "Yule kipofu hakuwa na kosa lolote, Neema."

Nilimwaga maji ya saba. Miaka yote hiyo nilishuku, na siku zote nilijisifu kwamba sidanganyiki. Nikasimama pale na sufuria mkononi, nikilia, kwa sababu kumbe sikuwahi hata siku moja kutaka shaka yangu iwe kweli.