Hatkora kwa H

Jobeda wa Sylhet, Bangladesh, aliandika kwenye blogu yake jinsi ya kupika nyama kwa hatkora, lile limau chungu la kwao. Programu ya kutengenezea tovuti ikamwashia alama nyekundu: neno hili halitafutwi, andika "shatkora".

Shemeji yake, Motin, aliyesomea Dhaka wanakosema "shatkora", akacheka. "Shemeji, hata mashine inakusahihisha. Weka sh, watu wakuone."

"Watu gani? Wanaoila wanaiita hatkora. Hiyo mashine imeionja lini?" Jobeda akachapisha, alama nyekundu ikiwa palepale.

Ijumaa, mke wa Motin akiwa safarini, njaa ilimbana Motin. Akaiuliza simu kwa sauti namna ya kupika nyama ya hatkora. Ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa Jobeda.

"Umeitamka kwa h, shemeji," Jobeda, aliyemsikia akipita, akamwambia kutoka mlangoni. "Haya, menya vitunguu."