Nyasi za Harusi ya Devotha

Tulipokuwa wadogo pale Kashozi, mimi na Devotha tuliolewa karibu kila Jumamosi. Bwana harusi alikuwa mgomba. Wa rika langu mtanielewa, maana wavulana wa wakati ule walikuwa na mipira yao ya makaratasi na hawakutaka kabisa kuja kusimama na sisi. Basi tulichagua mgomba uliosimama vizuri, tukaufunga kitambaa kama tai, mmoja wetu akawa bibi harusi na mwingine padri, Jumamosi inayofuata tunabadilishana. Shela ilikuwa chandarua kilichotoboka. Msimu wake ukifika, maua tulichuma kwenye mibuni, yale meupe yanayonukia mpaka unasikia njaa. Keki ilikuwa ya udongo, na wageni walikuwa kuku wa Bibi yake Devotha, ambao hawakuwahi kukaa mpaka misa iishe.

Bibi ndiye aliyemlea Devotha. Nyumba yake ilikuwa ya tofali na bati kama za wengine, lakini sebuleni alitandika nyasi, kama walivyofanya wazazi wake. Kila mwisho wa wiki alitoka kibanjani, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akapanda rweya, ule uwanda wa majani na mawe ulio nje ya migomba, akarudi na mzigo kichwani. Za zamani zilitolewa, mpya zikatandikwa, na nyumba nzima ikanukia kama mvua inayonyesha mbali. Ukiingia na kandambili hakukugombeza. Alikutazama miguu tu, akaendelea kukutazama, mpaka unazivua mwenyewe.

Pale kwenye nyasi ndipo tulipokuwa tunalala chali, tunatafuna kahawa iliyokaushwa, tunapanga maisha. Mimi nilikuwa niwe na duka la kushona magauni lenye kioo mbele. Devotha alikuwa aolewe tu, basi, lakini aolewe vizuri. Bibi akatusikia siku moja, akasema akiwa jikoni, "Siku mkiolewa kweli nitawatandikia mimi. Msije mkaolewa kwenye saruji." Devotha akamuapia. Alikuwa na miaka saba, na nadhani aliapa kwa jina la kuku.

Mwaka huu Devotha aliposwa na Justus, kijana wa Ngenge, kule Muleba, fundi pikipiki mwenye maneno machache na mikono iliyooshwa sana. Bibi kwa sasa amepooza upande mmoja. Anakaa kwenye kiti barazani, anaitika kwa kichwa, na siku nyingine inaisha hajatoa neno. Kumpeleka mjini haiwezekani. Kwa hiyo Devotha akasema misa itakuwa parokiani asubuhi, na sherehe itakuwa uani kwa Bibi, juu ya nyasi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yake mkubwa anayekaa Kagondo, na yeye alitaka ukumbi wa mjini.

"Unawatoa watu Ngenge kote huko, uje uwakalishe migombani kama mbuzi?" alisema kwenye kikao. "Watatucheka sisi, watacheka na watoto wenu."

Devotha alikuwa anamenya ndizi. Hakusimamisha kisu. "Baba, nikiwa ukumbini Bibi ataniona kwenye simu. Mimi nataka anione kwa macho."

Baba mkubwa akasema sawa, ila aibu ikitupata tukumbuke nani alisema mapema.

Mimi nilifunga cherehani yangu wiki nzima nikaenda kusaidia. Gauni nilikuwa nimeshalimaliza, lina mikono mirefu kidogo kama alivyopenda Bibi. Tulichimbia nguzo za mikaratusi, tukaunganisha maturubai ya kuanikia kahawa yakawa kivuli, tukaazima mabenchi ya kigango. Migomba miwili ilichimbuliwa na mizizi yake ikasimamishwa penye njia, na sikuweza kuzuia kicheko, maana nilihisi ni wale mabwana harusi wetu wamekuja kutoa hongera. Anitha, binamu yake Devotha wa miaka kumi na sita, alipiga picha za kila kitu na hakubeba chochote. Alipoambiwa tunakwenda kukata nyasi, aliuliza kama hatuwezi kuziagiza mtandaoni.

Baba mkubwa alisema nyasi anazijua, amezikanyaga utoto wake wote. Akatuongoza mwenyewe, siku moja kabla ya harusi, na koti lake. Tulikata mizigo mirefu, mizuri, tukatandika ua wote, tukasimama kando tukijisifu. Halafu tukambeba Bibi na kiti chake, tukamweka katikati.

Alishusha ule mguu wenye nguvu. Akausugua polepole huku na huku. Kisha akasema kwa Kihaya, taratibu, maneno mengi kuliko yote aliyosema kwa miezi mingi:

"Hizi ni za paa. Nani atakaa juu ya paa?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumetandika nyasi za kuezekea, zile ngumu zinazochoma. Baba mkubwa alivua kofia, akakaa kwenye benchi, akaanza kucheka kimyakimya mpaka mabega yanatikisika. Devotha hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiti, machozi yanamtoka. Kumbe siku zote hizo, wakati tunabishana habari za ukumbi, yeye alikuwa anaogopa jambo moja tu: kwamba ataolewa mbele ya macho ya Bibi, na Bibi asijue kinachoendelea.

"Bibi, zenyewe ziko wapi?"

Bibi alitafuta neno. Mdomo ukakataa. Akainua mkono ule mzima akaninyooshea mimi. Halafu akaushusha, akanyooshea miguu yangu.

Nilikwenda kulala na hicho kidole kichwani. Kulipokaribia kupambazuka ndipo nikakumbuka. Msimu wa senene Bibi alikuwa anatuchukua rweya alfajiri, wakati senene wamelowa umande na hawawezi kuruka. Tulikwenda peku, na nyasi zilitukata miguu tukalia. Lakini palikuwepo mahali alipokuwa anatuketisha tumngoje wakati yeye anakata, upande wa juu wa mawe mawili makubwa, na pale hatukulia. Pale tulikuwa tunacheza.

Nikawaamsha wote. Tulipofika rweya nilivua viatu, nikaanza kutembea natafuta kwa nyayo, kama mtu anayepapasa taa gizani. Wenzangu nyuma wanacheka. Baba mkubwa aliuliza kama cherehani ndiyo imenitia wazimu. Zilinichoma, zikanichoma, tukayapita mawe mawili, na ghafla miguu ikanyamaza. Nyasi nyembamba, zina vichwa vya rangi ya zambarau, laini kama nywele za mtoto. Nikainama kunusa, nikawa na miaka saba.

"Anitha, vua raba uje," nilimwambia.

"Dada, nitachafua soksi."

"Vua na soksi."

Alivua. Akazikanyaga kidogo, halafu akaweka simu kwenye jiwe akachukua mundu. Nalisema hili kwa heshima, maana tangu nimjue sijamwona ameiweka simu chini.

Tuliondoa zile za paa, tukatandika hizi huku kengele ya kwanza inalia. Safari hii Bibi aliweka mguu, akausugua. Alionyesha kwa mkono kwamba pale mlangoni tuongeze.

Baada ya misa gari la Ngenge likasimama penye migomba miwili. Wa kwanza kushuka alikuwa mama yake Justus, mama mrefu, gauni la gomesi la kijani, viatu vya kung'aa. Akafika ukingoni mwa nyasi akasimama. Baba mkubwa alikuwa pembeni yangu na nilisikia amebana pumzi. Devotha, na Justus wake kando, alimtazama yule mama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mama akainama, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Akageuka kwa mume wake. "Vua, mzee. Hapa ni ndani kwa mtu."

Mzee akavua. Na gari zima likavua. Viatu vikapangwa kando ya njia, vya ngozi, vya visigino, raba, kandambili, na mwisho kabisa vikaja vyeusi vya baba mkubwa, vimeng'arishwa mpaka vinaakisi. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akapiga magoti akamsalimu Bibi kwa mikono miwili. Hapo ndipo Devotha akavuka nyasi, peku, gauni langu linaburuza. Bibi alimshika shavu kwa ule mkono mzima akamtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akamtazama miguu. Akaitika kwa kichwa.

Nilikuwa nafuta macho kwa mkono wa blauzi aliponigeukia na mimi. "Na wewe lini?" aliniuliza, wazi kabisa, watu wote wanasikia.

Siku hizi harusi ni nzuri, sikatai. Kadi zinakuja kwenye simu, viti vina utepe, taa zinabadilika rangi, na mtu anakula na kucheza na kuondoka hajui chini yake kulikuwa na nini. Zamani ulijua umeingia nyumbani kwa watu kwa sababu miguu ilikuambia. Siku zile wasichana wa Kashozi walijua nyasi kwa majina, na sisi tulibahatika tu kukumbuka moja, bila jina. Hata rweya yenyewe inapungua. Upande wa juu wa yale mawe mawili nimeona vigingi vya viwanja.

Mchumba bado sina, na lile duka lenye kioo bado ni cherehani moja kwenye baraza ya nyumba ya watu. Lakini mahali pa nyasi napajua. Nikichelewa kuolewa, Anitha anapajua.