Banda Lililokula Zamu ya Mama

Sitaki mtu aniambie kaka yangu mkubwa alikuwa mjinga. Alikuwa na akili kutushinda sote, na hilo ndilo linaloniuma. Unga wake ulipomwagika Athi River, miaka ya tisini viwanda vikifuta watu ovyo, alirudi nyumbani, ng'ambo ya Mumbuni, na ramani kwapani. Ati anajenga banda la nguruwe la kisasa.

Mama yetu alikuwa mjane, na alikuwa kwenye mwethya, kikundi cha wanawake wa kijiji wanaojengeana kwa zamu. Miaka nenda miaka rudi aliwabebea wenzake mchanga kutoka mtoni na kuwapondea kokoto, akingoja zamu yake. Alitaka kitu kimoja tu duniani: chumba cha mawe chenye sakafu ya simiti, alale pakavu kabla hajafa. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imepasuka hadi kuku waliingilia ukutani. Zamu yake ilifika mwaka huo huo aliorudi kaka.

Wanawake walikuja asubuhi na karai zao. Kaka akawasimamisha njiani, akawaonyesha mahali pengine pa kuchimba msingi. "Mwaitu amekubali," akasema. Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, na alilitamka kwa utamu, mnafiki yule. Nikamgeukia mama. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Nguruwe wakizaa atanijengea ya ghorofa," aliniambia baadaye. Ghorofa! Nilicheka kwa ubaya hadi akanifukuza jikoni. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu na mtoto bila mume, na neno langu pale halikupita la mbuzi. Mama akabeba mchanga. Ndiyo, yeye mwenyewe, kamba kwenye paji la uso, akaubeba mchanga wa nguruwe.

Banda lilikuwa zuri, Mungu anisamehe. Kaka alilielekeza mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie ndani. Kuta aliziacha nusu, upepo upite. Paa akaliinua katikati, joto litoke. Sakafu iliinama kidogo, mkojo ukatiririka na kinyesi kikasukumwa hadi kwenye shimo lililofunikwa, kikatoa gesi. Maji ya mvua yalishuka kutoka kwenye mabati hadi kwenye tangi. Hakuna kilichopotea. Na gesi ile, wacha we, iliwasha taa ya kuwapasha joto watoto wa nguruwe, huku mama yangu upande wa pili wa ua anapuliza kuni mbichi na kukohoa. Nilimuuliza kaka kwa nini asivute bomba moja hadi jikoni. Akaniambia presha haitoshi.

Wageni walitoka Kyumbi, hata Nairobi, kuja kulitazama. Walikanyaga dawa ya kuua viini mlangoni, wakaingia, wakasifu. Hakuna aliyeuliza yule mama mwenye kikohozi analala wapi.

Mvua ya Elnino ilipokuja, ukuta wa mama uliangukia kitanda chake mchana. Bahati alikuwa nje. Nilimfunika leso, nikamshika mkono, tukaenda bandani, kwenye stoo ya chakula cha nguruwe, maana hapo palikuwa pakavu. Kaka akasimama mlangoni.

"Hapana. Niko na nguruwe wanakaribia kuzaa, na Mwaitu ako na kikohozi. Akiwaambukiza?"

"Huyu ni mama yako, we shetani!"

"Mpeleke jikoni. Si kuna moto?"

Nilikuwa tayari kumrarua uso. Mama ndiye aliyenivuta. "Anasema kweli," alisema. "Nguruwe wakifa ataanzia wapi tena?" Akageuka, akaenda jikoni mwenyewe na kujilaza kwenye moshi. Siku hiyo nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia kaka. Mvua haikuwa imeisha alipokufa.

Wanawake wa mwethya walikuja bila kuitwa. Hawakumsalimia kaka. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene asiyejua kunong'ona, aliingia kwenye ile stoo na viatu vyake vya matope, akatoka na mfuko wa simiti begani. Wengine wakafuata. Kaka akawapisha. Walilijenga kaburi la mama kwa mawe pande zote, wakapiga sakafu ya simiti chini, wakailainisha kwa mwiko polepole, kana kwamba kuna mtu atatembea juu yake peku. "Zamu yake hiyo, tumemaliza," mwenyekiti akasema, akapanguza mikono kwenye sketi.

Tulipomteremsha mama, kaka alianza kulia kwa sauti kubwa, mikono kichwani, watu wakamshika asije akatumbukia. Nikamsogelea, nikamwambia anyamaze, atashtua nguruwe.