Vifuniko vya Sufuria

Jina la Mbio alipewa siku aliyofeli. Alikuwa mpishi wa kambi, mjane mwenye binti mmoja, na alitaka kazi ya kuongoza wageni kwa miguu porini, bunduki begani, yeye mbele. Siku ya mtihani nyati alichomoka kichakani akikoroma, na miguu ya mpishi ikaamua mambo yake bila kumshauri mwenyewe. Wageni aliwaacha palepale wamesimama. Kambi ikapata kicheko cha msimu mzima.

Watu walidhani amekata tamaa. Thubutu! Aliomba mtihani wa pili, akijua wa tatu haruhusiwi mtu. Kisha akampa mama mkwe wake kazi: kila atakapomwona amejisahau, amgonganishie vifuniko vya sufuria kisogoni, mpaka miguu izoee kishindo. Bibi huyo aliifurahia kazi kupita kiasi. Alimvizia akiosha vyombo, akimsuka binti yake, hata akisali. Mwanzoni Mbio aliruka mpaka mlangoni. Baadaye aliruka kidogo. Mwishowe alisimama tu, moyo ukimdunda, nyayo zimekazana na sakafu.

Siku ilipofika alitangulia na soksi iliyojaa majivu. Viongozi wote huwa nayo. Unaitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unakoelekea. Nyuma yake walikuja wageni wanne, na nyuma yao mtahini, mzee asiyependa maneno. Kwenye mto mkavu wakamkuta tembo na mtoto wake wakichimba maji. Kamera zikainuliwa. Wageni walitaka kusogea kidogo tu, wapate picha waliyoifuata kutoka mbali.

Akatikisa soksi. Majivu yakaelekea kwa tembo. Alijua akiwarudisha watu sasa, mtahini ataona ni woga uleule umevaa sare. Akawaashiria warudi hata hivyo.

Harufu yao ilikuwa imeshafika. Tembo akatandaza masikio, akaja mbio akipiga kelele ya kupasua masikio.

"Simameni," Mbio alisema, naye akasimama kati yao na mnyama, bunduki tayari, macho hayabanduki. Tembo akasita kwenye vumbi lake mwenyewe, akamrudia mwanawe. Ndipo wakaondoka kinyumenyume, polepole, bila picha ya maana. Mgeni mmoja alinuna mpaka kambini.

Huko mtahini alimvuta pembeni, akamuuliza kama aliogopa.

"Niliogopa sana, mzee. Hata sasa naogopa."

Mtahini aliitazama miguu ya Mbio. "Basi watafute mpishi mwingine. Wewe kesho uko mbele," alisema, akaenda zake kunywa chai.

Jioni Mbio alifika nyumbani, akakaa kizingitini bila kuvua viatu, akalia. Mama mkwe alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, vifuniko mikononi, tayari kwa kazi. Akachungulia, akaona mabega yake yanavyotikisika na nyayo zilivyotulia. Akavishusha vifuniko chini kimoja kimoja, taratibu, visitoe mlio wowote.