Kabati la Kijani cha Serikali

Watu wengi hununua kabati kwa sababu wana nguo. Mimi nilinunua kabati la droo nne nikiwa na suruali mbili, koti moja na tai niliyovaa siku ya kupewa cheti cha shule ya usiku. Mke wangu alikuwa na kanga zake na gauni la kanisani. Hata tukikunja kwa uvivu, vitu vyetu vyote vingejaza droo moja na nusu. Hizo nyingine zilikuwa za heshima tu.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Pili, na mimi nilikuwa karani wa stoo moja ya serikali pale Eldoret, mji ambao sisi watu wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, tuliuita Sisibo. Stoo yetu ilikuwa na sepetu, minyororo, misumari, na chumba cha rangi chenye ufunguo wake peke yake. Ufunguo huo niliuvaa shingoni. Nilikabidhiwa kwa sababu, kutoka Kisumu mpaka Nakuru, hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuandika "tapentaini" kwa Kiingereza bila kuchungulia kopo. Ndivyo nilivyowaambia watu, na hakuna aliyekwenda Nakuru kuhakikisha.

Lakini kazi ya stoo ilikuwa kazi ya kushukiwa. Karani akidhaniwa ameondoka na kitu, hata kiwe kidogo namna gani, alifukuzwa siku hiyo hiyo, akaandikiwa maneno mabaya kwenye karatasi zake, na asingepata mwajiri mwingine. Chumba cha lokesheni kilitoka pamoja na kazi, kwa hiyo mke wangu na mtoto wetu wa miezi saba wangelala wapi? Nililijua hilo vizuri. Ndiyo sababu na mimi nilimshuku kila mtu kabla hajanishuku.

Kabati lilikuwa la Kaburu mmoja wa mashamba ya upande wa Ziwa aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame. Nilimshuku tangu aliponitajia bei. Ilikuwa ndogo mno. Nilivuta droo zote, nikanusa ndani, nikaligonga mgongoni kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa wa mapafu. Mguu mmoja ulikuwa umeoza, droo ya tatu haikuwa na sakafu, na dumuzi walikuwa wametoboa ubavu wa kushoto mpaka ukafanana na chujio. Nikafurahi. Bei ndogo ilikuwa na sababu.

"Sasa Bwana," nikamwambia, "niandikie barua kwamba umeniuzia."

"Barua ya nini? Wewe nalipa, wewe nachukua."

"Askari akinikuta na kabati la Mzungu, hataniuliza kama nililipa. Ataniuliza barua."

Akaandika. Nikaisoma, nikamwomba aongeze idadi ya droo. Akaongeza. Nikamwomba ataje na ule mguu uliooza, mtu asije kudai kabati langu ni lingine. Akanitazama kama mtu anayejutia siku aliyofika Afrika, lakini akaandika. Barua hiyo niliilinda kuliko cheti changu. Kabati likapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa ukipeleka mahindi stesheni, na wale ng'ombe, ingawa walikuwa wanane na wanene, walihema hadi tukafika lokesheni.

Mke wangu alilizunguka mara mbili bila kuligusa, mtoto mgongoni.

"Nguo za nani zilikuwa humu?"

"Za mke wa Kaburu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Nimemwona akipiga kuku mawe."

"Una uhakika huyo ndiye mwenye kabati? Siwezi kuweka shuka la mtoto penye nguo za marehemu nisiyemjua."

Sikuwa na uhakika, lakini nilisema ninao.

Vyombo vya useremala nilikuwa sina. Jirani yetu, mzee wa upande wa Kapseret aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, alikuwa na randa, patasi na msumeno mdogo. Nilimwomba. Akafikiri muda ambao mtu angeweza kulima shamba.

"Karani, randa hii haijawahi kutoka nje bila mimi."

"Mzee, ni hapa tu, mlango wa pili."

"Mlango wa pili ni nje."

Basi akaja nayo, pamoja na kigoda chake. Kila jioni nilipotoka kazini, mzee alikuwa ameshakaa mbele ya mlango wetu, randa mapajani, akiningoja. Nikiichukua, macho yake yanaifuata. Nikiiweka chini, anaiokota, anaipangusa, anatazama ulimi wake kama nimeung'ata. Hakunisaidia hata kushika ubao. Nilitengeneza mguu mpya kwa kipande cha mbao ya mwerezi, nikaitia droo ya tatu sakafu ya ubao wa sanduku la chai, nikaziba vijishimo vya dumuzi kwa gundi na unga wa mbao. Kisha nikaanza kukwangua rangi ya zamani kwa kipande cha chupa. Chini ya nyeupe palikuwa na rangi ya maziwa, chini ya maziwa palikuwa na samawati, chini ya samawati palikuwa na kahawia. Nadhani kama ningeendelea ningeikuta rangi aliyotumia Nuhu. Nilisimama kwenye kahawia na kupiga msasa.

Sasa ilibaki kupaka.

Kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko nilinunua rangi ya unga, pakiti ya njano na pakiti ya buluu. Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo ya kuchanganyia unga huo, yalikuwa ghali. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Nyumbani tulikuwa na chupa kubwa ya mafuta ya simsim aliyotumiwa mke wangu na mama yake kutoka Bungoma, nayo ilikaa nyuma ya mtungi, ikitumika kijiko kimoja kimoja siku za wageni. Mke wangu akiwa mtoni kufua, nilimimina. Nilikusudia kikombe. Unga ulikunywa kikombe, ukaomba kingine. Nilipoirudisha chupa nyuma ya mtungi, ilikuwa nyepesi kama manyoya.

Nikakoroga njano na buluu, nikaongeza masizi ya taa kidogo. Mara ya kwanza kikatoka kijani cha majani ya maharagwe. Hapana. Nikaongeza buluu. Kikatoka kijani cha kinyonga. Hapana. Nikaendelea kuongeza na kukoroga, mzee akiwa palepale kwenye kigoda chake, mpaka jicho langu likaridhika, likasema, naam, hiki sasa ndicho kijani. Nikapaka mara mbili. Nilipomaliza niliona nimeumba kitu ambacho gavana mwenyewe angekiomba.

Mke wangu aligundua chupa jioni ileile.

"Mafuta yangu yamekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua kinywa nikasema, "Mafuta gani?"

"Umeyachukua?"

"Mimi na mafuta wapi na wapi? Mimi ni mtu wa kalamu."

Akatazama nje, kwenye kigoda kilichokuwa bado mbele ya mlango wetu. Tangu siku hiyo mzee akimsalimu, anajibu akitazama pembeni, na chai ya jioni aliyokuwa akimpelekea ikakoma. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia hasira ya mwanamke juu ya mafuta haizidi wiki.

Na kabati halikukauka. Siku ya pili linanata, siku ya tano linanata. Baridi ya Eldoret, nikamwambia mke wangu. Nzi walikuja kupumzika juu yake na hawakuondoka. Jumapili lilipotoka jua zuri, mimi na jirani wa mlango wa tatu tulilibeba kwa vitambaa tukaliweka nje likauke, na kila aliyetoka kanisani alipita hapo. Wengi walisifu. Tarishi wa ofisi yetu naye alipita. Hakusifu. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Karani, hii rangi naijua." Kisha akaenda zake.

Nilitazama kabati. Ndipo nilipoiona na mimi. Kwa miaka minne nilikuwa nikishinda katikati ya milango ya kijani, madirisha ya kijani, mikokoteni ya kijani na mapipa ya kijani, yote kijani kimoja, kijani cha serikali. Jicho langu halikujua kijani kingine. Nilikoroga mpaka nikakifikia kilekile, nami ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha rangi. Barua ya kabati nilikuwa nayo, droo zimehesabiwa, mguu uliooza umetajwa. Karatasi ya rangi sikuwa nayo. Mhindi alinifungia zile pakiti kwenye gazeti, basi.

Jumatatu msimamizi wetu, Mzungu mrefu asiyependa maneno, aliingia chumba cha rangi akasimama muda mrefu. Jumanne akaja tena, akainua makopo yaliyokwisha kufunguliwa, moja moja, akiyapima kwa mkono. Makopo yale mafundi waliyarudisha nusu, robo, vyovyote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema pungufu au si pungufu. Hakuniuliza kitu. Ningependa anitukane. Jumatano tarishi alikula chakula chake mbali nami. Kufikia Alhamisi niliona hata paka wa stoo ananitazama kwa upande, na mke wangu akaniuliza kwa nini silali.

Jumamosi mchana msimamizi akaja lokesheni. Alikuwa ameshika kipande cha ubao kilichopakwa rangi ya ofisini. Tarishi alikuwa nyuma yake. Mzee alikuwa nje anachonga mpini, mke wangu anachambua maharagwe. Msimamizi aliingia, akaweka ubao wake juu ya kabati. Ungedhani ni pacha.

"Hii rangi natoka wapi?"

"Nimechanganya mwenyewe, Bwana. Unga wa dukani."

"Nani naona wewe nachanganya?"

Moyo wangu ukapata nafuu. Nikamwita mzee. "Mzee alikuwepo, Bwana. Alikaa hapa siku zote, hakubanduka hata kwenda haja. Mzee, mwambie ulichoona."

Mzee akaingia polepole, akaweka mpini chini.

"Niliona randa yangu," akasema.

"Na rangi je?"

"Siku ya rangi randa ilikuwa mapajani kwangu. Nilikuwa natazama randa. Huyu alikoroga kitu kwenye sufuria. Kama kilitoka dukani au stoo, mimi sijui. Sitasema nisichojua."

Nilitamani kumla mzima. Lakini alikuwa mtu mkweli, na hakuwa na sababu ya kujipinda kwa ajili ya nyumba iliyomnyima chai.

Msimamizi akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu. Alitaka ufunguo. Niliona karatasi zangu zikiandikwa, mke wangu akifunga mzigo, mtoto mgongoni, njia ya Bungoma. Nikaanza kuvua kamba shingoni, na hapo ndipo nilipokumbuka nzi.

"Bwana," nikasema, "ishike kwanza."

"Nini?"

"Rangi. Ina wiki mbili na siku moja. Ishike."

Akaweka kiganja ubavuni mwa kabati. Alipotaka kukitoa, kabati lilikuwa na maoni tofauti. Kilitoka kwa sauti, kijani kitupu, na nyuma yake kikaacha alama ya vidole vitano.

"Rangi ya serikali hukauka siku moja, Bwana unajua. Hii haitakauka. Sikutia mafuta ya kitani." Nilisikia maharagwe yameacha kudondoka kwenye ungo. "Nilitia mafuta ya simsim. Ya mke wangu. Chupa nzima, karibu. Niliyachukua akiwa mtoni."

Msimamizi akanusa kiganja chake. Akanusa tena. Akampa tarishi anuse, na tarishi, ambaye hakuwa amekula, akasema kinanukia mboga.

Msimamizi alicheka kidogo, kama mtu anayekohoa. Kisha uso ukarudi mahali pake. "Wewe hapana iba serikali," akasema. "Wewe naiba bibi yako." Na mkono ule mwingine, ulio safi, bado ulikuwa umenyooshwa. "Ufunguo ya rangi nakaa kwa mimi. Misumari, wewe endelea."

Nikampa. Nilibaki na kazi, na chumba, na jina zuri kwenye karatasi, pungufu ya ufunguo mmoja. Kwa hesabu yangu, hakuna karani mwingine katika koloni zima aliyeokolewa na wizi aliofanya mwenyewe.

Walipoondoka, mzee alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo," akamwambia mke wangu, "ni mimi niliyedhaniwa."

Mke wangu alishika mikono yake miwili. "Mzee, unisamehe. Nilitazama mahali pabaya."

"Huyu alikuwa anajua?"

Mzee akanitazama kama alivyokuwa akitazama ulimi wa randa kila nilipoirudisha, akatafuta kilipoharibika, akakiona. Akaokota mpini wake. Chai aliletewa na mke wangu mwenyewe, na sukari nyingi kuliko tuliyokuwa nayo, akainywa yote mlangoni kwake. Lakini randa yake sikuishika tena mpaka alipohama.

Mke wangu alirudi, akakaa, akavuta ungo. Akachambua maharagwe kwa kitambo bila kuinua macho.

"Na ile sukari ya Pasaka?"

"Sukari hiyo siijui."

"Na sindano yangu kubwa? Na sabuni iliyobaki kipande?"

"Haki ya Mungu, sizijui."

"Na paja la kuku, siku alipokuja kaka yangu?"

Nikakwangua kijani kwenye kidole.

"Endelea," akasema. "Leo ni siku yako ya kusema kweli. Tuanzie mwaka tuliooana."